Hivi ukimpiga refa hapa kwetu unafungwa miaka mingapi, au inaishia "yamekwisha"?

#1 MpulizaFilimbi
Wakuu salaam. Nachezesha mechi za mchangani huku Temeke, Mbagala mpaka Yombo, nina jambo naomba tuliongee kwa uzito wake. Juzi Jumapili mshika kibendera mwenzetu kapigwa. Alinyoosha ofsaidi, goli likakataliwa, filimbi ya mwisho ilipolia watu wakamwagika uwanjani, jamaa mmoja akamtandika ngumi ya jicho na wa pili akaanza kumkanyaga wakati ashaanguka. Mimi na mwenzangu tukabaki tunamkinga kwa miili yetu mpaka wazee wa pale wakaja kutuamulia. Jioni waandaaji wanatuita pembeni wanasema timu imepigwa faini na yule shabiki "amefungiwa" kuja uwanjani. Uwanja wenyewe hauna hata uzio, sasa amefungiwa mlango upi?

Swali langu. Huyo jamaa angempiga mtu vile vile pale Rangi Tatu stendi angelala ndani siku hiyo hiyo, sasa kwa nini akifanya ndani ya chaki inakuwa mambo ya mpira? Sheria ya nchi inasemaje kuhusu kumpiga mwamuzi, kuna kifungu chake au hakuna? Msimamo wangu nausema mapema, anayempiga refa apelekwe mahakamani na kufungiwa kuje juu ya hapo, sio badala yake.

#2 Mwana_wa_Kurasini
Pole kwa mwenzenu mkuu. Jicho vipi, anaona?

#3 MpulizaFilimbi
Anaona ila limevimba limefunga, na mbavu zinamuuma akikohoa. Asante.

#4 WakiliMdogo
Mkuu pole. Jibu fupi, kwenye Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 hakuna kifungu kinachomtaja refa. Lakini refa ni mtu na kumpiga mtu ni kosa popote pale, filimbi haiondoi hilo. Kwa namba za toleo la 2002 ambazo wengi tumezizoea, kifungu cha 240 ni shambulio la kawaida, mwaka mmoja. Cha 241 shambulio la kudhuru mwili, mpaka miaka mitano. Akivunjwa mfupa au akipata ulemavu wa kudumu tunaenda cha 225, madhara makubwa, mpaka miaka saba. Na akifa bila mtu kukusudia kuua ni kifungu cha 195 na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hizo zote ni kikomo cha juu, hakimu anaweza kushuka sana.

Kwa ulivyoeleza, jicho limefunga na mbavu zinauma, mimi naona 241 na sio 240. Na wale wawili hata kama mmoja alipiga ngumi tu na mwingine alikanyaga tu, kuna kifungu cha 23 cha nia ya pamoja, kila mmoja anaweza kubeba mzigo wa mwenzake kama ikithibitika walikuwa na lengo moja.

#5 DamuYaJangwani
Mimi nitasema wasichotaka kusikia. Kupiga ni kosa sawa, ila marefa nao wajitazame. Mtu amekula hela ya timu pinzani tangu Ijumaa, mtaa mzima unajua, halafu Jumapili anakataa goli halali mbele ya watu mia tatu wenye jua la saa tisa kichwani. Unategemea nini? Ukitaka wasipigwe anza na rushwa.

#6 MpulizaFilimbi
@DamuYaJangwani kama una ushahidi refa kala hela nenda TAKUKURU, ofisi ziko kila wilaya. Rushwa ina sheria yake na mashtaka yake. Ngumi haimrudishii mtu goli. Na kwa taarifa yako huyu kijana aliyepigwa hakuwa na filimbi, alikuwa na kibendera, na ofsaidi ilikuwa ya mguu mzima.

#7 Mnyama_Original
Hahaha @DamuYaJangwani wewe na marefa wapi na wapi, si nyie mnabebwa kila wikiendi? Leo umekuwa mpambanaji wa rushwa 😂

#8 DamuYaJangwani
@Mnyama_Original kaa kimya mzee, msimu huu nyie penati mmepewa mpaka mkachoka kupiga. Turudi kwenye mada.

#9 DadaWaPete
Naongezea upande wetu maana uzi umekuwa wa mpira wa miguu tu. Mimi ni mwamuzi wa netiboli, mashindano ya kata na ya mashuleni. Huku hatupigwi ngumi sana, tunasukumwa, tunavutwa nywele, tunatukanwa matusi ambayo siwezi kuandika hapa. Kuna mwaka kocha wa kiume alinishika mkono akaukunja kwa sababu nilihesabu hatua, yaani kosa la kutembea na mpira, mkono ukakaa na bandeji kwa muda mrefu. Nikaambiwa na waandaaji "dada ni hasira za mchezo, samehe, tusiharibu mashindano". Nikasamehe. Mashindano yaliyofuata yule kocha alikuwepo, na mimi sikuitwa.

Kwa hiyo @MpulizaFilimbi hilo unalosema nalijua kwa ndani. Anayepigwa ndiye anayeonekana msumbufu.

#10 Sinza_Kijiweni
Wenzetu Marekani ishu hii wameitungia sheria kabisa. Majimbo zaidi ya 20 yana vifungu vinavyomtaja mwamuzi wa michezo moja kwa moja. California kwa mfano, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 243.8, ukimpiga mwamuzi kabla kidogo ya mechi, wakati wa mechi au mara tu baada ya mechi, na ulijua au ulipaswa kujua kwamba yuko kazini, faini mpaka dola 2,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote. Na haijali kama mechi ni ya shule au ya kulipwa. Louisiana nao mwaka 2019 wakaongeza hata kosa la kumsumbua na kumtisha mwamuzi, mbali na kumpiga, na humo kuna kazi za jamii saa 40 na ushauri wa kudhibiti hasira. Hiyo ya kazi za jamii naipenda, mtu afagie huo huo uwanja aliofanyia fujo na watoto wanamuona.

#11 FundiRedio
Mnahangaika bure, mambo ya mpira hayapelekwi mahakamani. FIFA wanakataza, nchi inafungiwa. Muulizeni TFF.

#12 WakiliMdogo
@FundiRedio hapana kaka, hilo linachanganywa sana hapa nchini na linawanufaisha wapigaji. FIFA wanachokataza ni kupeleka mahakama za kawaida migogoro ya mpira wenyewe, yaani matokeo, usajili, uchaguzi wa chama, mikataba ambayo ina vyombo vyake. Jinai ni ya Jamhuri. Kesi ya shambulio inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, refa ni shahidi pale. Hakuna chama chochote cha michezo kinachoweza kuizuia Jamhuri kushtaki.

#13 FundiRedio
Sawa wakili, nimekuelewa. Ila viongozi wa timu huku mtaani ndivyo wanavyowaambia watu.

#14 KamisaaMzee
Vijana hamjambo. Nimekaa kwenye ukamisaa wa mechi tangu enzi Uwanja wa Uhuru unaitwa wa Taifa. Niongezee upande wa adhabu za mpira ili tusizichanganye. Kwenye Kanuni za Nidhamu za FIFA za sasa, mchezaji au kiongozi anayemshambulia mwamuzi kwa kiwiko, ngumi, teke, kung'ata, kutema mate, adhabu haipungui mechi 15 au kipindi kinachofaa. Kumtisha ni mechi zisizopungua 10. Zamani kwenye kanuni ya 2011 ilikuwa inahesabiwa kwa miezi, sio chini ya miezi sita. Kwa ligi zetu za juu kuna Bodi ya Ligi na ile kamati ya saa 72, ripoti ya kamisaa na ya mwamuzi zinafika, maamuzi yanatoka, unayasoma kwenye simu.

Huku chini hakuna kitu. Bonanza la kugombea mbuzi linaandaliwa na diwani au kijana mwenye duka la simu, wachezaji hawajasajiliwa popote, unamfungia mechi 15 mtu ambaye jina lake halisi hulijui, wiki ijayo anacheza Tandika kwa jina la Messi. Ndiyo maana mimi nakubaliana na mleta mada, huku chini polisi ndiyo kamati ya nidhamu pekee iliyobaki.

#15 Mwana_wa_Kurasini
@KamisaaMzee shikamoo mzee. Hilo la jina la Messi nimeliona kwa macho yangu Mwembe Yanga.

#16 KamisaaMzee
Marahaba mwanangu.

#17 AfandeMstaafu
Mimi nimestaafu jeshi la polisi, nizungumze ninachokijua maana najua mtaanza kutupiga mawe. Kesi hizi zinakuja kituoni, si kwamba haziji. Mtu anakuja anachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anaenda kutibiwa, fomu inarudi au hairudi. Mtuhumiwa anakamatwa, siku ya pili wanakuja wajumbe wa pande zote mbili na mwenyekiti wa mtaa, "afande tumeongea nyumbani, tumeelewana, kalipa hela ya dawa". Mlalamikaji mwenyewe anasema sitaki tena. Ukimlazimisha ukampeleka mahakamani, siku ya ushahidi haji, anazima simu. Mashahidi ndiyo kabisa, uwanja ulikuwa na watu mia nne, ukiita watu waje waseme waliona nini hupati watano. Kesi inafutwa. Ukiwa mpelelezi umeshapoteza muda wako na hati umechapa.

Kwa hiyo hata mkitunga sheria ya miaka 20, kama watu hawaji kutoa ushahidi ni kazi bure.

#18 DadaWaPete
@AfandeMstaafu shikamoo baba, lakini mlalamikaji anasema sitaki tena kwa sababu anaishi mtaa mmoja na aliyempiga. Mimi nilisema sitaki. Sikuwa sitaki.

#19 WakiliMdogo
Niongezee kisheria hapo kwa Afande. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 163, nayo kwa namba za toleo la 2002, inairuhusu mahakama kuhamasisha usuluhishi kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, pamoja na kulipa fidia, kama mahakama inaona maslahi ya umma hayadai adhabu na kosa halijawa zito. Mahakama, sio mwenyekiti wa mtaa na sio benchi la ufundi. Na hapo ndipo ugomvi ulipo, je kumpiga refa mbele ya watu mia nne, nusu yao watoto, ni jambo la kibinafsi kati ya watu wawili? Mimi nasema hapana. Wapo mawakili wenzangu wanaosema ndiyo, ni ugomvi wa wawili tu.

#20 Keko_Finest
Hamjagusa kitu kikubwa, mikeka ya kubeti. Zamani shabiki alikuwa na uchungu wa timu, siku hizi ana uchungu wa hela. Hata hizi mechi za mtaani watu wanawekeana, huyu elfu ishirini huyu elfu hamsini, kwenye simu ndiyo usiseme. Refa akitoa penati dakika ya 88 amechana mkeka wa mtu aliyeweka hela ya kodi ya chumba. Huyo mtu hasikii sheria ya miaka mitano wakati ule, damu imechemka. Mimi naamini vurugu zimeongezeka toka betting iingie.

#21 KamisaaMzee
@Keko_Finest betting inachangia lakini marefa walikuwa wanapigwa tangu miaka ya 80 mwanangu, hakukuwa na mkeka hata mmoja. Nimeshuhudia refa anatolewa uwanjani amevalishwa kanzu na kofia ya mzee wa watu ili asijulikane. Betting ni mpya, tabia ni ya zamani.

#22 Keko_Finest
Mzee mimi sisemi ilianza na betting nasema imeongezeka.

#23 AliyekaaUlaya
Nilikuwa nasoma Uholanzi mwaka 2012 likatokea la Almere, sitalisahau. Richard Nieuwenhuizen, baba wa mtoto mmoja wa timu, alikuwa anashika kibendera kwa kujitolea, mechi ya vijana tarehe 2 Desemba. Baada ya mechi vijana wa timu pinzani wakampiga mateke, akaamka, baadaye akaanguka, kesho yake akafariki. Wikiendi iliyofuata shirikisho lao likafuta mechi zote za ridhaa nchi nzima. Nchi nzima! Mahakamani wakatiwa hatiani vijana sita na baba wa mmoja wao, baba akapewa miaka 6, vijana mwaka mmoja mpaka miwili kwa sababu ya umri wao. Watu wengi kule walilalamika ni kidogo mno.

Tuelewane, yule hakuwa refa wa FIFA. Alikuwa mzazi kashika kibendera, kama kijana wa @MpulizaFilimbi.

#24 Sinza_Kijiweni
Na Marekani pia. Ricardo Portillo, Utah, Aprili 2013, alimuonyesha kadi ya njano kijana wa miaka 17, kijana akampiga ngumi moja ya kichwani, akakaa koma wiki moja akafariki. Kijana akakiri, akawekwa kwenye kizuizi cha watoto mpaka afike miaka 21. Mwaka uliofuata Michigan, John Bieniewicz, alikuwa anatoa kadi nyekundu, ngumi moja, akafariki baada ya siku mbili. Huyo mpigaji alikuwa mtu mzima, akapewa kati ya miaka 8 na 15 kwa kuua bila kukusudia. Ngumi moja wakuu. Watu wanadhani ngumi moja ni jambo dogo.

#25 MpulizaFilimbi
Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi. Huyu wetu alikanyagwa mbavu. Ingekuwa kichwa?

#26 Mnyama_Original
Kwetu mtoto wa miaka 17 inakuwaje @WakiliMdogo? Maana mchangani nusu ya wanaofanya fujo ni watoto wa sekondari.

#27 WakiliMdogo
Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Anapelekwa Mahakama ya Watoto, kuna uangalizi, kuna faini na fidia inayoweza kumgusa mzazi, kuna shule ya maadilisho. Haina maana haguswi.

#28 TX_Ubungo
Uturuki rais wa klabu alimpiga refa akafungwa maisha. Hapo ndipo tunapotakiwa kufika.

#29 AliyekaaUlaya
@TX_Ubungo hapana, umeunganisha mambo mawili. Tarehe 11 Desemba 2023, mechi ya Ankaragücü na Rizespor iliisha 1-1, rais wa Ankaragücü Faruk Koca akaingia uwanjani akampiga ngumi refa Halil Umut Meler chini ya jicho, akaanguka, wengine wakampiga mateke akiwa chini. Ligi zote zikasimamishwa kama wiki hivi. Shirikisho likamfungia Koca maisha kwenye mpira, na klabu ikala faini ya lira milioni 2 na mechi tano nyumbani bila mashabiki. Mahakamani, Novemba 2024, akahukumiwa miaka 3 na miezi 7 na ushee. Maisha ni ya mpira, miaka mitatu na nusu ndiyo ya jela. Kule sheria yao ya vurugu michezoni inamhesabu refa kama mtumishi wa umma pale anaposhambuliwa kwa sababu ya kazi yake.

Na Meler alirudi kazini, akachezesha Euro 2024.

#30 TX_Ubungo
Asante kwa ufafanuzi. Bado nasema ni adhabu ya maana, rais wa klabu kabisa kapelekwa kwa hakimu. Hapa kwetu kiongozi wa timu ya mtaani tu hagusiki.

#31 WakiliMdogo
Hilo la mtumishi wa umma ni zuri. Kwetu kuna kifungu cha 243 chenye miaka mitano, kinahusu kumshambulia polisi akiwa kazini, na pia kumshambulia mtu yeyote kwa sababu ya jambo alilofanya katika kutekeleza wajibu aliowekewa na sheria. Nimewahi kubishana na mwenzangu, yeye anasema refa aliyepangwa na chama kilichosajiliwa na Baraza la Michezo la Taifa chini ya sheria ya mwaka 1967 anatekeleza wajibu huo, kwa hiyo 243 inamfaa. Mimi naona ni kuvuta sana, wajibu wa refa unatoka kwenye kanuni za mchezo na makubaliano ya waandaaji, Bunge halijamwekea. Kwa refa wa bonanza la mbuzi ndiyo kabisa haipiti. Ningependa siku moja mwendesha mashtaka ajaribu tuone mahakama inasemaje.

#32 AfandeMstaafu
Ukijaribu hiyo wakili mzuri wa utetezi anakutoa. Nenda na 241, ushahidi wa daktari upo, imeisha.

#33 DamuYaJangwani
Mimi bado sipendi wazo la sheria maalum. Kwa nini refa na sio nesi anayepigwa na ndugu wa mgonjwa, kondakta, mwalimu? Kila kundi litadai kifungu chake. Sheria iliyopo inatosha, shida haitumiki.

#34 DadaWaPete
@DamuYaJangwani leo umeongea jambo. Lakini nesi ana mwajiri anayemsimamia kesi, mwalimu ana chama chake na halmashauri. Mimi nikipigwa nani anakuja na mimi kituoni? Kifungu chenye jina lake kinampa nguvu hata yule askari wa zamu, hawezi kuniambia "dada hayo ni mambo ya michezo nendeni mkamalizane huko". Hiyo ndiyo faida ninayoiona mimi, hesabu ya miaka ya jela ije baadaye.

#35 KamisaaMzee
FRAT ipo binti yangu, waamuzi wenye daraja wana chama. Tatizo wengi mnaochezesha mtaani hamjasoma kozi na hamjajiandikisha.

#36 MpulizaFilimbi
Mzee kwa heshima yako, mwenzetu aliyepigwa kozi kasoma na cheti anacho. Tumempigia kiongozi mmoja akasema mashindano yale hayatambuliki na chama kwa hiyo hayamhusu. Sikatai, utaratibu ni utaratibu. Lakini tukikataa mashindano yasiyotambulika, nani atachezesha mpira wa Mbagala? Posho yenyewe elfu kumi na soda, wakati mwingine soda peke yake. Vijana niliokuwa nao kozi moja wengi wameshaacha, wanasema afadhali boda.

#37 Mama_Ally
Mwanangu wa kwanza alitaka urefa nikamkatalia, sababu ni hii hii. Sijutii.

#38 Sinza_Kijiweni
Uingereza walijaribu kamera za kifuani kwa marefa wa mechi za ridhaa, walianzia Middlesbrough Februari 2023. Mtu akijua anarekodiwa anapunguza. Na ikifika mahakamani shahidi hazimi simu, kamera inaongea.

#39 Keko_Finest
Kamera ya laki tatu kifuani kwa refa wa Tandika? Itaibiwa dakika ya kumi mzee, refa atapigwa kwa ajili ya kamera sasa 😂

#40 Mnyama_Original
Hahaha kweli. Ila simu zipo, kila mechi kuna watoto wanarusha laivu.

#41 TX_Ubungo
Na marefa wa kike je? Mnakumbuka dabi ya Februari 2016 Jonesia Rukyaa alipochezesha, watu walisema mwanamke ataweza wapi Simba na Yanga. Akachezesha, Yanga 2-0. Na mwaka 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati AFCON, Zimbabwe na Guinea. Mimi naona wanawake wanapigwa kidogo zaidi, watu wanaona aibu.

#42 DadaWaPete
@TX_Ubungo soma post yangu #9.

#43 DamuYaJangwani
2-0 hiyo tuliifurahia sana, nashukuru kwa kukumbusha 💚💛

#44 Mnyama_Original
Haya ya 2016 yanaingiaje hapa jamani. Modi angalia uzi.

#45 MpulizaFilimbi
Naomba turudi. Leo asubuhi wamekuja watu watatu nyumbani kwa mwenzetu, mmoja kiongozi wa timu, wana laki moja na nusu mkononi na karatasi imeshaandikwa "sina madai tena", wanataka asaini na mama yake ashuhudie. Mama yake anataka asaini, anasema wale watu wanajulikana pale mtaani, na hela ya vipimo imeshaisha. Yeye mwenyewe hajui afanye nini. PF3 alichukua siku ile ile, nilimlazimisha mimi, daktari amejaza. Wakuu mnashauri nini?

#46 AfandeMstaafu
PF3 kama ipo na imejazwa hapo mko vizuri kuliko kesi nyingi nilizoziona. Asisaini kitu leo. Nendeni kituoni mwambieni mpelelezi wa kesi kwamba kuna watu wamekuja nyumbani, hiyo nayo iandikwe kwenye maelezo. Waliokuja majina yao yaandikwe.

#47 WakiliMdogo
Na akisema hataki hela leo haina maana hapati kitu kamwe. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru alipe fidia juu ya adhabu, na ana haki pia ya kufungua madai ya kawaida. Kuhusu gharama, kuna mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa chini ya sheria ya 2017, huduma ni bure kwa asiye na uwezo, nitakutumia inbox orodha ya walio karibu na Temeke. Andika pia ripoti yako ya mechi leo hii kabla kumbukumbu haijachuja, dakika ya tukio, jezi, nani alisimama wapi, na wewe na mwenzako wa filimbi msaini. Wewe ni shahidi namba mbili, usisahau hilo.

#48 Mama_Ally
Mimi namuelewa huyo mama. Ninyi mtaandika hapa mtalala, yeye ndiye atakayekutana nao kisimani na dukani kila siku. Laki na nusu ya leo anaiona, fidia ya mahakama iko wapi na lini? Msimhukumu akisaini.

#49 DadaWaPete
Hakuna anayemhukumu mama. Lakini mimi yangu niliachia, na aliyenikunja mkono bado anafundisha watoto.

#50 KamisaaMzee
Mwenyekiti wa mtaa ashirikishwe mapema, lakini kwa usalama wa familia, sio kwa kusuluhisha. Mzazi akijua serikali ya mtaa inajua, hofu inapungua. Na nyie waamuzi wote wa Temeke mkubaliane, timu ile isipangiwe refa hata mmoja mpaka kesi ifike mahali. Enzi zetu tulifanya hivyo kwa timu moja ya Ilala, hawakucheza mechi karibu msimu mzima, wakaja wenyewe.

#51 Keko_Finest
Mzee hapo mnawaadhibu wachezaji kumi na moja kwa kosa la mashabiki wawili.

#52 KamisaaMzee
Wachezaji hao hao ndio wanaowajua hao mashabiki kwa majina. Wawataje.

#53 DamuYaJangwani
Mimi wazo la mzee kugomea timu silikubali, ila la kituoni naliunga mkono. @MpulizaFilimbi mechi ilikuwa uwanja gani na saa ngapi? Dogo mmoja wa kwetu huwa anarusha laivu mechi za huko.

#54 MpulizaFilimbi
Nimekutumia inbox. Ilikuwa ya saa kumi, jezi za bluu na za njano. Nimeongea na mwenzetu sasa hivi, hajasaini, mama yake amekubali wasubiri mpaka tuongee na mpelelezi. Kesho saa mbili asubuhi tunaenda wote watatu.

#55 DamuYaJangwani
Nimempata dogo. Anasema alirekodi mpaka mwisho, kibendera anaonekana anaanguka na sura ya aliyekanyaga inaonekana wazi, ya kwanza inaonekana kwa pembeni. Hajaifuta. Nimemwambia asiirushe popote, aje nayo na simu yenyewe kesho. Anaogopa kidogo, ana miaka 19, nitakuja naye mimi.